Rafu ya Bure na Sauti ya Shangazi

Wahenga walituonya: usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha ni mkeka mkuukuu, umechakaa pembeni na pengine umetoboka katikati, lakini ni wako, na hakuna wa kukuamsha ukiwa umeulalia. Msala ni mkeka mzuri wa kuswalia, na huo wanaousema wahenga unapita. Neno hilo la mwisho ndilo watu wanalolisahau. Kitu kinachopita kina mwenyewe, na mwenyewe akichoka kukaa atakikunja aende nacho, wewe ubaki umekaa kwenye sakafu tupu. Siku hizi misala ipitayo imezidi. Inakuja na waya wa kuchajia, inakuja na neno "bure" kwa herufi kubwa, na wanaoikimbilia si wajinga wa kijiweni bali ni wasomi wenye vyeti vilivyotundikwa ukutani. Hadithi hii ni ya msomi mmoja wa namna hiyo, na sioni sababu ya kuisimulia kwa upole.

Palikuwa na shule ya sekondari ya wanafunzi wasioona. Ilikuwa na vitabu vya nukta nundu, maandishi yanayosomwa kwa vidole, lakini vilikuwa vichache, vizito, na mara nyingi vilifika baada ya mtaala kubadilishwa. Kwa hiyo shule ile iliishi kwa masikio. Mwishoni mwa korido, katika chumba kilichokuwa stoo ya mafagio, kuta zilibandikwa trei za mayai na magodoro ya zamani ili makelele ya nje yasiingie. Ndani yake alikaa mama mmoja mwembamba, miwani imemshuka puani, kinasa sauti mbele yake, akisoma vitabu vya shule kuanzia jalada hadi jalada. Wanafunzi wote walimwita Shangazi.

Alikuwa ameifanya kazi hiyo tangu ujana wake, na alikuwa na namna yake ya kuifanya. Kila kitabu alikianza kwa maneno yaleyale: "Usomaji huu ni wa wasioona, kwa ruhusa ya sheria ya hakimiliki. Si wa kuuzwa." Sheria ya nchi ile iliruhusu kitabu chochote kigeuzwe sauti kwa ajili ya wasioona bila kumwomba mtu, mradi kisifanyiwe biashara, naye alitaka kila msikilizaji ajue kwamba anachosikiliza ni haki yake wala si fadhila. Akifika penye picha, hakuiruka. Aliweka kitabu mapajani, akafikiri, kisha akasema: "Hapa pana ramani ya mto. Nyoosha mkono wako wa kushoto, tanua vidole. Kila kidole ni kijito. Vinakutana kwenye kiganja, na hapo ndipo penye mji. Sasa shuka na mkono mpaka kwenye kiwiko. Hapo mto unapinda." Darasa zima likinyoosha mikono hewani, mgeni aliyepita dirishani angedhani wanafanya mazoezi ya viungo.

Na hakuacha kumtania mwandishi. "Hapa bwana huyu anasema wenyeji hawakuwa na dawa yoyote," alisema katika kitabu kimoja cha historia. "Nadhani hakuwauliza. Tuendelee." Wanafunzi waliyakariri matani yake pamoja na masomo, na wengi walifaulu kwa sababu jibu lilikuwa limekaa pembeni ya kicheko.

Kazi hiyo yote ilipangwa kwenye rafu za mbao: kanda za zamani, kisha diski, kisha vihifadhi vidogo vya kompyuta, kila kimoja kikiwa na lebo ya nukta nundu. Mwanafunzi aliingia, akapapasa, akachukua alichokitaka, wala hakuomba kibali kwa mtu. Rafu zilikuwa zimepinda, na baadhi ya kanda zilikwaruza. Huo ndio uliokuwa mbacha wao.

Mwalimu mkuu mpya wa shule hiyo alikuwa mdogo wake Shangazi, kitinda mimba, aliyebebwa na dada huyohuyo mgongoni na kusomewa naye hadithi zake za kwanza. Wanafunzi walimpa jina la Kisasa, maana hakumaliza hotuba bila kulitaja neno hilo mara kadhaa. Hakuwa mtu mbaya, na ndiyo maana hadithi hii inakera. Alikuwa na ugonjwa mmoja tu: kila kitu kikuukuu kilimtia aibu mbele ya wageni. Tena alikuwa na binti asiyeona aliyesoma palepale shuleni, binti mwenye maswali mengi kuliko maneno ya kamusi, aliyeitwa Mdadisi. Kisasa alitamani binti yake awe na kifaa kama walivyokuwa navyo watoto wa wenzake. Tamaa ya baba kwa mwanawe haina lawama. Lawama ni kwamba tamaa hiyo ilimfunga macho yeye, mtu aliyehitaji kuyatumia kwa niaba ya binti yake.

Mdadisi alikuwa mwaka wa mwisho, na shabaha yake ilikuwa moja: chuo cha sheria. Chuo kilimpa nafasi kwa sharti kwamba afaulu masomo yote katika mtihani wa mwaka huo. Nafasi hiyo haikuwa ya kuwekwa kiporo.

Basi ikaja kampuni. Mjumbe wake alikuwa kijana nadhifu ambaye wanafunzi walimwita Tabasamu, kwa sababu waliweza kulisikia tabasamu lake hata alipokuwa anaomba maji. Alileta vishikwambi vinavyozungumza, kimoja kwa kila mwanafunzi, na ahadi ya rafu ya mtandaoni ambamo sauti zote za Shangazi zingewekwa na kusikilizwa popote. Kila kitu bure. Kikao kikafanyika katika chumba cha walimu, Shangazi akiwa ameketi karibu na mlango.

"Dada, dunia imehama," Kisasa alisema. "Sisi tumebaki tunahangaika na kanda zinazokwaruza."

"Zinakwaruza, lakini zinasoma. Hayo makubaliano umeyasoma?"

"Ni masharti ya kawaida tu, tena marefu kupita kiasi. Watu wote duniani wanabonyeza 'Nakubali' na hawajafa."

"Mdogo wangu, shule hii ina kazi moja: kumsomea asiyeweza kusoma. Hata tangazo la kupaka rangi vyoo tunawasomea watoto wajue. Leo unataka kutia sahihi jambo la watoto hawa, na hujawasomea hata mstari mmoja. Hujajisomea hata wewe mwenyewe."

Tabasamu aliingilia kwa sauti laini. "Mama, msiwe na wasiwasi. Mnabaki na kila kitu, tena kwa ubora zaidi."

"Na rafu zetu?"

"Sharti ni kusiwe na nakala nje ya mfumo. Ni kwa usalama wenu."

"Usalama wangu unaletwa na wewe kunichomea nyumba," Shangazi alisema, na baadhi ya walimu wakacheka. Kisasa hakucheka. Alihisi dada yake amemwaibisha mbele ya mgeni, akachukua kishikwambi cha Tabasamu na kubonyeza kidole chake pale palipoandikwa "Nakubali". Mambo ya miaka yote ile yaliamuliwa kwa kidole kimoja cha mtu aliyekasirika.

Baada ya wiki chache, mashine za kampuni zilikuwa zimekwisha kunakili kila kitu. Akaja mnunuzi wa vyuma chakavu na mkokoteni wake, akazoa kanda, diski na vihifadhi, vikamwagwa humo kwa koleo. Shangazi alisimama kwenye kizingiti akatazama. Chumba chake kikang'olewa magodoro na kuwa chumba cha kuchajia vishikwambi. Yeye akapewa cheti cha shukrani ambacho jina la kampuni lilikuwa kubwa kuliko lake.

Tuseme haki: miezi ya kwanza ilikuwa mizuri. Vishikwambi vilikuwa vyepesi, na mwanafunzi aliweza kuruka hadi sura aitakayo bila kurudisha kanda nyuma. Mdadisi alimsikiliza shangazi yake akiwa kitandani, akiwa bafuni, akiwa kwenye foleni ya chakula. Kisasa alialikwa kwenye mikutano, akasimama jukwaani na kueleza jinsi shule yake ilivyotoka gizani. Wengine walisema hata dada mtu angekiri tu kwamba ameshindwa na wakati.

Kisha ukafika muhula wa mwisho. Asubuhi moja, wakati wa marudio ya jiografia, Mdadisi alibonyeza sura ya ramani. Badala ya shangazi yake, sauti isiyo ya mwanamume wala mwanamke ikasema: "Maudhui haya yameondolewa kwa kukiuka hakimiliki." Akabonyeza historia, ikawa hivyohivyo. Biolojia, hivyohivyo. Nyuma yake, mbele yake, kila dawati likaanza kutamka sentensi ileile, zikipishana, mpaka mwalimu akawaomba wavizime.

Kisasa aliandika barua pepe kwa kampuni. Akajibiwa papo hapo na kitu kilichojiita Msaidizi, kikimshukuru kwa kuwasiliana nao na kumshauri azime kifaa kisha akiwashe tena. Akaandika tena. Msaidizi akamshukuru tena. Alipopiga simu aliwekewa muziki, na muziki ulipokwisha simu ikakatika. Mwishowe alilazimika kumwendea dada yake, jambo ambalo lingekuwa la kwanza kama kiburi kisingekuwa kimekaa mlangoni.

Walikwenda makao ya kampuni watatu: Kisasa, Shangazi, na Mdadisi aliyekataa kuachwa. Lilikuwa jengo la vioo lenye ubaridi wa kutengenezwa na maua ya plastiki yaliyofutwa vumbi vizuri. Tabasamu aliwapokea akiwa na tabasamu lake lilelile.

"Kuna mkanganyiko mdogo," alieleza. "Kampuni imetoa vitabu vya sauti vya kulipia, kwa wateja wa kila aina. Sauti hizo zimesajiliwa kuwa mali ya kampuni. Sasa mfumo wetu hupita ukisaka nakala haramu, na ukakuta nakala zilizoko kwenye akaunti ya shule."

"Hivyo vitabu vyenu vya kulipia vimesomwa na nani?" Mdadisi aliuliza.

Tabasamu alikohoa kidogo. "Vimetokana na kumbukumbu mbalimbali."

"Vimesomwa na shangazi yangu."

"Kwa mujibu wa makubaliano, sauti zilizopakiwa..."

"Sijauliza makubaliano. Nimeuliza nani kasoma."

"Ndiyo, ni sauti ya mama."

Shangazi alivua miwani yake. "Kwa hiyo mmechukua sauti yangu, mmeiuza, kisha mkaikuta kwa watoto niliowasomea, mkawaita wao wezi. Nakala zao ndizo mama wa nakala zenu."

"Mfumo hauangalii nani alitangulia kuzaliwa, mama. Unaangalia nani amesajili."

"Kila kitabu kinaanza kwa kusema si cha kuuzwa," Mdadisi alisema. "Kimetaja na sheria. Kwa nini mliuza?"

"Sehemu hizo ziliondolewa wakati wa kusafisha. Mashine huondoa kelele zote: kikohozi, mikwaruzo, maneno ya pembeni."

"Kelele," Shangazi alirudia polepole. Sheria ya nchi, iliyowekwa kumlinda asiyeona, mashine iliisikia ikaifuta kama kikohozi. Kama kuna msomaji ambaye damu haijamchemka hapo, basi arudie aya hiyo.

Tabasamu aliona hewa imechafuka, akajaribu kusaidia. Alisema ipo njia: mwenye sauti athibitishe kuwa ndiye, kisha rufaa ifunguliwe. Akaweka kifaa mezani, akampa Shangazi kijikaratasi cha matangazo ya kampuni akisome. Shangazi akavaa miwani na kusoma kwa sauti ileile iliyolea vizazi vya wanafunzi. Hakufika mstari wa tatu. Kifaa kikatoa mlio na kusema: "Sauti hii ni mali iliyosajiliwa. Tafadhali acha kuitumia bila kibali."

Kwa mara ya kwanza tabasamu la Tabasamu lilizimika.

"Mashine yako imeniamuru ninyamaze," Shangazi alisema. "Nimezaliwa na koo hili. Nimelia nalo nikiwa mchanga, nimemzika nalo mume wangu. Leo nimeingia humu ndani nimeambiwa nimeliiba. Kijana, mwizi wa kuku huwa anakimbia. Nyinyi mmemla kuku, kisha mkaenda kumshtaki mwenye kuku kwa kuwa na manyoya uani."

"Mama, mimi ni mwajiriwa tu. Mfumo ndio umeamua."

"Mfumo una mama yake? Una jina? Nimwite nani mahakamani, mfumo?"

Tabasamu akaigeukia kompyuta yake. Rufaa ilifunguliwa, na kompyuta ikatoa tarehe ya kusikilizwa. Ilikuwa baada ya mitihani. Walipotoka nje, Kisasa alijaribu kumshika dada yake mkono wavuke barabara, lakini Shangazi akaupeleka mkono wake kwa Mdadisi. Baba mtu akavuka nyuma yao peke yake.

Siku iliyofuata Kisasa alikwenda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Alimkuta amekaa juu ya injini kuukuu, akimenya chungwa.

"Zile kanda na diski ulizochukua shuleni," Kisasa alisema, "hata kama ni chache, nazihitaji."

"Zile? Zilishasagwa siku nyingi, mwalimu. Chuma kilikwenda kwake na plastiki ikaenda kwake. Kwani si ulisema ni takataka? Nilikuuliza mara mbili, maana niliona zina alama za wale wasioona. Ukaniambia zoa zote, unanichelewesha."

Kisasa alisimama pale, viatu vyake vilivyong'arishwa vikiingia oili. Alikumbuka kweli aliyasema maneno hayo, tena alikuwa ameangalia saa.

Hakukuwa na njia nyingine ila ile ya kale kuliko zote. Shangazi alirudi shuleni na kitabu mkononi, akasimama mbele ya darasa la mtihani, akaanza kusoma moja kwa moja. Hakusoma kwa ajili ya mdogo wake, na alimwambia hivyo mbele ya walimu. Aliwasomea watoto, maana hakuna mwalimu mwingine aliyejua kuzisimulia ramani na picha. Lakini vitabu vilikuwa vingi na siku zilikuwa chache, na koo la mtu mzima si kanda ya kurudishwa nyuma. Kunasa upya kulikatazwa na lile sharti la kutokuwa na nakala nje ya mfumo, kwa hiyo kilichosomwa asubuhi mwanafunzi hakuweza kukisikiliza tena jioni. Walijaribu kuandika kwa nukta nundu kwa kasi, stailasi, zile sindano za kuandikia, zikitoboa karatasi kama mvua kwenye bati, na bado mengi yaliwapita.

Tena vishikwambi vilikuwamo darasani, kwa sababu sharti la kampuni lilitaka viwe mezani muda wa masomo. Siku ya tatu, Shangazi alipokuwa katikati ya ramani ya milima, kimoja kikajiwasha chenyewe: "Kifaa hiki kimetambua maudhui yanayolindwa. Tafadhali sitisha." Kikafuata cha pili. Cha tatu kikasema kwamba tukio hilo litaripotiwa.

Shangazi alikifunga kitabu. Mdadisi akainuka, akapita dawati kwa dawati akipapasa, akavikusanya vyote ndani ya beseni la kufulia walilolichukua bwenini. Akalibeba kichwani mpaka ofisi ya mwalimu mkuu, akalitua juu ya meza, juu ya kila kilichokuwa juu yake.

"Mwanangu, hivyo ni vitu vya shule," Kisasa alisema.

"Si vya shule, baba. Vingekuwa vya shule visingemkataza shangazi kusoma shuleni."

"Nilikufanyia wewe haya. Nilitaka uwe na kile walicho nacho wengine."

"Nilikuwa na kitu ambacho wengine hawana. Hukuniuliza."

Mdadisi alikuwa amekwishatoka, mkono wake ukipitia ukutani, akirudi darasani haraka asipitwe na ukurasa mwingine.

Shangazi alisoma mpaka sauti ikaanza kumkatika. Daktari akampa dawa na kumwamuru apumzishe koo. Akainywa dawa, akalikaidi agizo. Alimaliza historia. Alimaliza biolojia. Jiografia aliifikisha nusu, na asubuhi moja alifungua mdomo, ikatoka pumzi peke yake. Akajaribu tena. Wanafunzi walisubiri na stailasi zao hewani. Hatimaye Mdadisi ndiye aliyesema, kwa upole, "Basi, shangazi. Kaa." Akamtafutia kiti kwa mikono yake na kumkalisha.

Mtihani ulikuja, kwani mitihani haimsubiri mtu. Karatasi ya jiografia ilikuwa na ramani iliyoelezwa kwa nukta nundu: mistari ya miinuko, vijito na bonde, na maswali yote makubwa yalitoka humo. Ilikuwa ile sura ya vidole na kiganja, ambayo Shangazi hakuwahi kuifikia. Mdadisi alikuwa ameisikiliza mwanzoni mwa mwaka, mara moja, tena nusu nusu, kwa kuwa aliamini ipo kwenye kifaa na ataisikiliza wakati wowote. Alinyoosha mkono wake juu ya dawati, akatanua vidole, akatafuta kichwani kijito kipi kiko wapi. Msimamizi alidhani anaomba karatasi ya ziada.

Matokeo yalipotoka, Mdadisi alikuwa amefaulu kila somo isipokuwa hilo moja. Chuo cha sheria kilimwandikia kwa adabu kwamba nafasi yake amepewa mwingine. Wenzake kadhaa walikuwa na hali hiyohiyo, na wawili hawakurudi kurudia mwaka, kwa sababu nyumbani kwao walikwishaambiwa kwamba mwaka huo ndio wa mwisho wa kusomeshwa.

Wiki moja baadaye Kisasa aliingia nyumbani kwa dada yake akihema. Alikuwa na kishikwambi mkononi na uso wake ulikuwa umekunjuka kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Shangazi alikuwa ameketi varandani akichambua mchele, shingo imezungushiwa kitambaa, na Mdadisi alikuwa kando yake.

"Rufaa imekubaliwa," alisema. "Wametuomba radhi, wamerudisha kila kitu. Mwanangu, sikiliza mwenyewe."

Akabonyeza. Sauti ya Shangazi ikajaa varandani, changa, safi kuliko ilivyokuwa kwenye kanda yoyote. Haikukwaruza wala haikukohoa. Haikutaja sheria. Ilisoma sura ya ramani kwa utulivu mkubwa, ikafika ilipofika, ikasema: "Mchoro wa nne. Mchoro wa tano. Maswali ya marudio." Hakuna mkono, hakuna kiganja, hakuna mji. Walikuwa wamerudishiwa ile iliyosafishwa.

Shangazi aliinua mkono kutaka kusema jambo. Midomo yake ilitikisika, lakini kilichotoka hakikufika hata kwa aliyekaa karibu naye. Sauti yake ikaendelea kuzungumza kutoka kwenye kishikwambi, na yeye mwenyewe akarudi kuchambua mchele.

Mdadisi alinyoosha mkono akapapasa mpaka akakipata kile kifaa, akakizima.

"Baba, nisikilize," alisema. Hakupaza sauti. "Shangazi hana sauti. Mimi sina mwaka wangu. Wao wana vyote viwili, na wewe wamekuachia radhi. Hiyo radhi utaifundishia darasa gani?"

"Nisamehe, mwanangu."

"Nimekusamehe. Kusamehe hakurudishi kitu."

Kisasa alibaki amesimama katikati ya varanda na kishikwambi chake kilichozimwa. Hakuna aliyemkaribisha kiti, na hakuna aliyemfukuza. Usiache mbachao kwa msala upitao. Yeye aliuacha, na msala umeshapita.